Mkosi wa Roccaspina

Itangazwe kwa wakazi wote wa Roccaspina, walio hai pamoja na wale waliokwisha kupita mikononi mwake, ya kwamba Kombe la Italia la timu za ridhaa limeletwa mjini na Don Ermete Cacciapuoti, mwuza majeneza, kwa kazi yake nzito na ya kujitolea ya kutokuwepo uwanjani. Jina lake limekwisha kuandikwa. Msomaji mwoga na ashike chuma, kinga ya nuksi.

Pale Roccaspina jina hilo halitamkwi. Anaitwa Yule. Ukimtaja, tairi linapasuka, maziwa yanachacha, mama mkwe anahamia kwako. Akipita na gari lake jeusi, wanaume hushika funguo zao. Asiye na funguo hujishika pale alipojaliwa na Mungu, hata akiwa mbele ya padri. Padri naye hujishika, ila kupitia mfukoni.

Kosa lake? Kuzika. Na siku moja, miaka mingi nyuma, alikwenda kuitazama timu ya mji, Virtus Roccaspina, kipa akavunjika mguu na paa la jukwaa likang'olewa na upepo. Paa lilikuwa limeoza tangu enzi za mfalme, lakini nani atalilaumu paa? Tangu hapo Don Ermete alisikiliza mechi akiwa dukani, mlango wazi, akihesabu mabao kwa makelele ya wengine. Baba yake alikufa akisubiri kuiona Virtus ikibeba kombe lolote, hata la bati. Ermete mwenyewe ndiye aliyempigilia misumari ya jeneza, na kabla ya msumari wa mwisho akamwahidi: "Nitaliona mimi kwa niaba yako, baba." Ahadi kwa maiti ni ahadi mbaya. Huna wa kumwomba akuachilie.

Mwaka ule Virtus ilianza kombe siku ambayo Don Ermete alikuwa na mazishi kijiji cha mbali. Wakashinda manne bila. Kesho yake kinyozi Sabatino akaingia dukani na wembe mkononi. Si kwa ugomvi. Wembe ni chuma.

"Wewe bwana... wewe," akasema, akitazama dari. "Kamati imekaa. Kila siku ya mechi ya kombe utapanda treni uende kwa dada yako, Salerno. Nauli juu yetu."

"Na nikikataa?"

"Hatukulazimishi. Ila tukifa tutazikwa na yule jamaa wa Pontevivo."

Biashara ni biashara. Raundi ya pili akaenda Salerno. Dada yake Assuntina alimfungulia mlango akiwa na mwiko wa mchuzi mkononi.

"Umefukuzwa?"

"Nimeombwa na Sabatino."

"Na kinyozi! Baba angekuwepo angekuchapa. Hivi kaka, na wewe unaamini kwamba una nuksi?"

Don Ermete akatazama sahani yake ya makaroni. Hapo ndipo palipouma. Alikuwa anaamini kidogo.

Virtus ikashinda tena bila yeye. Raundi ya tatu Sabatino akamsindikiza hadi mlango wa behewa na kusubiri treni ing'oe nanga. Don Ermete akashuka kituo kilichofuata, akarudi kwa miguu kupitia mizeituni, akaenda moja kwa moja kwenye lango la uwanja, koti jeusi, kofia nyeusi, tiketi mkononi. Alijiandaa kupigwa. Bawabu akamwona, akafumba macho, na mikono yote miwili ikashuka kuokoa ukoo. Don Ermete akapita na tiketi yake bila kuchanwa.

Ndipo akaelewa. Mtu asiyetazamwa haonekani. Na bawabu angemshitaki vipi? Amshitaki, lazima amtaje. Amtaje, ajitafutie jeneza. Don Ermete akakaa safu ya juu kabisa. Majirani zake wote wakakumbuka kwa ghafla kwamba wana shughuli upande wa pili wa jukwaa.

Virtus ikafungwa mapema. "Ni mimi," akanong'ona, akainuka aondoke aiponye timu. Alikuwa amefika ngazini waliposawazisha. Akasita, akarudi, akakaa. Wakapachika la pili. Akavua kofia.

Ikawa hivyo raundi kwa raundi. Castelbruno walikuja na mabasi na matarumbeta, wakarudi kwao kimya kama abiria wa Don Ermete. Na kila Jumatatu Sabatino alijigamba katikati ya povu la sabuni: "Mnaona? Yule yuko Salerno, sisi tuko nusu fainali! Wengine wana kocha. Sisi tuna treni!"

Fainali ilichezwa Firenze, dhidi ya Borgofreddo, watu wa kaskazini.

"Enyi wachunga nyati wa kusini! Viatu mmevaa lini?" wakazomea wa Borgofreddo.

"Tulipomvua baba yako!"

Kamati, kwa tahadhari, ilimpa Yule tiketi ya hadi Reggio Calabria, kwenye ncha kabisa ya nchi. Aliitia mfukoni, akapanda gari lake la maiti, akaelekea kaskazini. Njia nzima walimpisha. Polisi wa barabarani walimpigia saluti kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na kazi.

Mchezo ukaisha bao moja kwa moja. Mikwaju ya penalti. Ukabaki wa Nicolino, fundi bomba: akifunga, kombe ni letu. Basi Roccaspina nzima, jukwaa zima pamoja na benchi, ikafanya afanyavyo kila mwenye akili: ikageuka, ikaupa uwanja mgongo, ikafumba macho, ikashika chuma na visivyo chuma. Don Ermete naye akageuka. Kisha akamkumbuka baba. Aliahidi kuona, hakuahidi kugeuka. Na Nicolino akikosa, mwenye macho wazi atakuwa mmoja tu, na atajua mwenyewe yeye ni nani mpaka kaburini.

Akaugeukia uwanja. Akatazama.

Kelele zilipopasuka, watu wakikumbatiana na kubusu hata wake wasio wao, Don Ermete alikuwa bado wima, anatazama. Akaliona kombe likiinuliwa. "Baba," akasema huku machozi yakimlowesha masharubu, "lenyewe dogo, lakini ni letu."

Kesho yake adhuhuri mwenyekiti wa klabu, Santomauro, alisimama kwenye roshani ya manispaa na kombe kwapani.

"Mkwaju wa Nicolino, ndugu zangu! Ulipaa kama tai! Ukakata kona ya juu, kipa akabaki anasali!"

Hakuna aliyembishia. Nani aliona? Nicolino mwenyewe alipiga macho yamefumbwa.

"Na tumshukuru Yule, aliyejitolea kukaa Reggio!"

Watu wakashangilia kwa mkono mmoja mmoja. Wakamsukuma mbele, kwa viwiko, bila kumgusa sana. Santomauro akang'ang'ania chuma cha roshani.

"Haya, bwana wewe, sema neno! Huko mbali, ulilipokeaje bao hilo tukufu?"

Don Ermete akavaa kofia yake.

"Lilibingirika," akasema. "Kipa aliteleza."