Nilivyochimba chumbani Kolwezi huku mke wangu akimsaka muuaji kwenye TV

Habari zenu wakuu. Nawapa hii kama ilivyotokea, na sijipendelei popote.

Mke wangu, Mama Grasi, ni mlevi wa tamthilia za upelelezi. Kila saa nane mchana yuko mbele ya TV. Dakika kumi tu anakutajia muuaji: "Ule mwenye tamaa." Na hakosei.

Mimi nilikuwa na yangu. Wakati ule watu wa mtaa wetu walishaanza kuchimba ndani ya nyumba, maana kobalti, madini ya betri, iko hadi chini ya vitanda. Nikang'oa sakafu ya chumbani. Mke nikamwambia nachimba fosse, shimo la choo cha ndani. Akafurahi sana, maskini.

Shida ni moja: nyumba ilikuwa ya Tata Kalenga, na yeye aliishi upande wa pili wa ukuta. Akisikia sururu tu, tunafukuzwa, na mjini vyumba vya kupanga vilikuwa vimeisha.

Kwa hiyo saa nane naongeza sauti ya TV mpaka mwisho. Ajabu, na yeye alikuwa anaongeza ya kwake. Nikasema moyoni, mzee naye anapenda upelelezi.

Wiki ya tatu, shimo langu limeshaingia chini ya sebule, nasikia mtu anagonga mbele yangu. Udongo ukamomonyoka. Nikamulika tochi.

Tata Kalenga, na sururu mkononi.

"Tata, uko nafanya nini hapa?"

"Mi niko nachimba fosse. Na weye?"

"Mi pia, fosse."

Wakuu, watu wazima wawili, chini ya ardhi, wanadanganyana kuhusu choo.

Badala ya kutoka, tukaanza kugombania jiwe jeusi kama kobalti lililokuwa katikati yetu. Mimi navuta, yeye anavuta. Kumbe ndilo lililokuwa limeshikilia sakafu.

Tulirukia kila mtu upande wake. TV ikashuka kwanza, kochi likafuata. Bahati nzuri Mama Grasi alikuwa jikoni anasonga bukari. Akaja na mwiko, akachungulia, akatuona.

"Kumbe leo wenye tamaa iko babili," akasema.

Watu wa komini, yaani serikali ya mtaa, wakaja, wakasema nyumba nzima itaanguka, tutoke wote. Tata Kalenga hakupata hata nafasi ya kunifukuza. Alikaa barabarani juu ya godoro lake akalia, maana nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Na mimi nikalia. Aibu ile bado ninayo.

Jiwe tulilipeleka depo, kwa wanunuzi wa madini, likapimwa. Ni jiwe tu.

Nilichojifunza: tamaa ya kwenye TV unaiona ndani ya dakika kumi, ya kwako unaiita choo. Mlio Tenke na kwingine, wekeni na ya kwenu hapa chini, nisibaki mjinga peke yangu.

Sasa tuko Fungurume. Safari hii Mama Grasi ndiye aliyechagua nyumba, chumba cha ghorofani. Siku tunahamia alinionyesha sakafu.

"Aya, chimba sasa."