Mama Anselm Awapeleka Watoto Nyamisanga kwa Mara ya Mwisho

Kamba za kitanda zinalia gizani. Zinanyamaza kidogo, halafu zinalia tena.

Veneranda Lugembe, aliyepiga magoti mbele ya mafiga, anaacha kupuliza moto na kutega sikio. Hana haja ya kuwasha kibatari. Anselm, mwanawe wa miaka minane, yu macho. Amekesha akijigeuzageuza, na jua likipanda atalala, pengine tonge likiwa bado mdomoni.

"Malale imempindulia siku yake," anasema Veneranda kwa sauti ya chini. "Wenzake wakitoka kucheza, yeye ndiyo kwanza anasinzia. Nikimwita, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi."

Ni saa kumi na moja alfajiri, Usinge, mwezi wa Agosti 1955. Anamnyanyua mtoto kichwa, anamnywesha uji mafunda mawili matatu, anamfuta kidevu kwa ncha ya khanga. Kisha anamwachia wifi yake na kutoka. Nje kuna watu wanamngoja. Leo anawatembeza kuzunguka ziwa Nyamisanga, na hawatakwenda tena.

Wengi wa watu hawa asili yao ni ufukwe wa ziwa hilo. Veneranda alikuwa msichana mdogo wakati Serikali ilipowakusanya na kuwaleta Usinge, mbali na ndorobo, yule nzi anayeeneza malale, ugonjwa wa usingizi. Waliondoka na mbuzi, vyungu na mbegu. Makaburi hayabebeki.

Ndiyo maana kila kiangazi kina mama na watoto huruhusiwa kwenda kutwa moja kuyaona mahame yao na kufagia makaburi, kwa sharti waende kwa mstari mmoja, na mbele yao awepo mtu anayeijua njia. Wanaume wengi wako kwenye mkonge, akiwemo mume wa Veneranda. Kazi ikamwangukia yeye, mfagiaji wa zahanati, kwa mshahara wa shilingi kumi na nane kwa mwezi.

Kutembea alifundishwa na baba yake, aliyebeba mizigo kati ya Tabora na Ujiji kabla ya reli. Wapagazi walipofika njia panda, wa mbele aliweka tawi bichi juu ya njia isiyofuatwa, ili wa nyuma wasipotee. Veneranda hufanya vivyo hivyo. Ila jambo moja aliligeuza mwenyewe.

"Baba alimtanguliza mwenye nguvu. Mimi namtanguliza mtoto mdogo kuliko wote anayejitembelea. Akichoka yeye, tumechoka wote. Watu walinicheka, wakasema huu ni msafara wa bata. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kuachwa nyuma."

Zamani mstari ulikuwa mrefu, wa mwisho hawamwoni wa kwanza. Leo zimefika kaya chache tu. Sababu anaijua kila mtu, naye Veneranda haifichi.

Kwa wazee wa Nyamisanga, haendi mtu makaburini na nguo ya maua. Huvaliwa kaniki, nguo nyeusi ya heshima, na mtoto anayekwenda mara ya kwanza hushonewa mpya. Mwaka jana Anselm alikwenda mara ya kwanza. Mama yake aliikata na kuishona kwa mkono wake, akamfunga begani, akamsifu kwamba amekuwa mtu mzima.

Masolwa, mkamata ndorobo anayekaa na wavu wake kwenye kizuizi cha njiani, ndiye aliyeona. Alipowapekua waliporudi, migongo ya watoto ilikuwa imejaa nzi. Yeye mwenyewe, katika kanzu yake nyeupe ya kazi, hakuwa na hata mmoja.

"Niliwaambia, jamani, ndorobo hawa wanapenda cheusi kuliko asali," anakumbuka Masolwa. "Wakanijibu eti nataka waende kwa wafu kama wanaokwenda ngomani. Miezi haikupita mingi, Anselm akaanza kusinzia."

Mtoto alipelekwa hospitali Tabora, akachomwa sindano, akarudi. Mganga alisema amechelewa kuletwa, atahitaji sindano nyingine baada ya mavuno. Kwenye baraza, Bwana Malale, kama watu wanavyomwita mzungu wa idara ya kuzuia ugonjwa huo, akatangaza kwamba baada ya safari ya mwaka huu njia ya ziwani inafungwa. Nyamisanga patakuwa msitu wa Serikali.

Tangu hapo maneno hayajakoma. Juzi sokoni Apolinaria, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimwambia mbele za watu, "Wako umeshamlaza, Mama Anselm, sasa unatafuta na wetu?" Veneranda alinunua chumvi yake akaondoka.

"Ningemjibu nini?" anauliza. "Ningekuwa yeye, na mimi ningesema."

Nje, kabla ya kuondoka, anampitia kila mtu kukagua nguo. Anafika kwa bibi Siwema, aliyemshika mkono mjukuu wake Leonia, wa miaka mitano. Wote wawili wamevaa kaniki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unaniangalia kama askari wa kodi?"

"Bibi, naomba mvue hizo. Nimewaletea vitambaa vya marekani, vyeupe."

"Nivue?" Siwema anacheka bila kufurahi. "Nikamsimamie mama yangu na marekani, kama bibi arusi? Atasema nimekuja kumdhihaki. Sisi tumezaliwa tukafunikwa kaniki. Hao ndorobo wamejifunza rangi lini?"

Wanawake wawili watatu wanaguna kumuunga mkono. Veneranda anakikunjua kitambaa cheupe mkononi.

"Bibi," anasema, "Anselm nilimvalisha mimi."

Siwema anatazama chini, halafu anaanza kulifungua fundo begani kwa Leonia, polepole. "Mvalishe mtoto. Mimi niache, nimekwishazeeka, waniume tu."

"Wakikufuata wewe, bibi, wamemfuata na huyu anayekushika mkono."

"Una mdomo kama marehemu baba yako," anasema bibi, naye anavua. Kaniki yake anaikunja vizuri na kuitia ndani ya kikapu.

Leonia ndiye mdogo kuliko wote, basi anatangulia. Anakwenda hatua anasimama, anaokota kijiti, anakitupa, anakwenda tena. Mstari mzima unamfuata. Kwenye kizuizi Masolwa anawazungusha mmoja mmoja na kuwapangusa migongo. "Geuka, mchumba," anamwambia Siwema. "Umependeza leo, nikikuoa utanikubali?" Bibi anamjibu kwamba hawezi kuolewa na mwinda nzi. Watoto wanacheka mpaka wanakaa chini, na mama zao wanacheka pia, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Jua likiwa juu ya miti, ziwa linaonekana. Maji yamerudi nyuma, yameacha ufukwe mpana wa mchanga wa kijivu wenye nyayo za viboko. Wari, ndege wale wa midomo mirefu, wamekaa katikati, weupe, hawashtuki. Veneranda anawapitisha mahali pa wazi tu, jua linawachoma watoto, lakini kwenye kivuli ndiko nzi waliko. Anawaimbisha majina ya mahali pa zamani kadiri wanavyozunguka: hapa kwa wahunzi, hapa kwa wafinyanzi, hapa kisima cha akina mama.

Lakini mwaka huu anasimama mara nyingi. Miombo imeota katikati ya nyua. Pahali alipozaliwa yeye anapatambua kwa jiwe la kusagia lililovunjika tu. Analigusa kwa mguu, anaendelea. "Kila mwaka msitu unanila kipande," anasema. "Nikija nimezeeka, sitajua nianzie wapi. Wala sitakuja."

Makaburini wanawake wanafagia kwa matawi. Siwema anaitoa kaniki yake kikapuni, anaitandaza juu ya kaburi la mama yake na kuweka kokoto kwenye pembe zake nne.

"Ivae wewe, mama," anasema. "Sisi wametukataza."

Veneranda anageuka kando. Hakuna muda wa kilio. Lazima warudi jua lingalipo. Ila kabla ya kuwapanga tena, anaeleza mpango wake. Akimpeleka Anselm kwa sindano za pili atakwenda ofisi ya Serikali Tabora, kwa miguu yake, hata wamkalishe barazani kutwa nzima.

"Nitawaambia watupe mashoka. Ndorobo hakai palipo wazi, wenyewe wanatufundisha hivyo. Tutafyeka kuanzia makaburini mpaka majini, sisi wanawake, bila mshahara. Labda watakataa. Nadhani watakataa. Lakini hawa watoto wakikumbuka palipo kwao, wataomba wao nikiwa sipo. Ndiyo kazi yangu iliyobaki, wakumbuke."

Anamwinua Leonia na kumweka begani, juu kuliko vichwa vya wote, amwonyeshe. Ananyoosha mkono polepole kutoka ufukweni hadi kilimani.

"Tazama vizuri, mama. Pale ndipo kijiji chetu. Nyumba ya bibi yako ile pale, na njia ile inashuka majini. Umekiona?"

Mtoto anakaza macho kwa muda mrefu, mkono wake umeshika kichwa cha Veneranda asianguke.

"Mimi naona miti tu."