Shujaa Mwenye Mwanya

Bi Brashi si mtu wa kutishwa, na yule kijana msimamizi wa maonyesho angeuliza mapema, asingejisumbua. Miaka thelathini mwanamke huyu amechora mabango ya saluni na vinyozi. Ukitaka mwanasoka mwenye denge, utampata. Ukitaka malkia wa muziki mwenye rasta hadi kiunoni, lete ubao. Shule ya sanaa aliiona kwa nje tu, siku alipokwenda kuipaka rangi geti.

Kazi alifundishwa na kaka yake, sasa marehemu, aliyekuwa na sheria moja: nguo chukua kwenye picha, uso chukua kwa mtu aliye hai. Picha za kalenda huwa zimefifia, alisema. Ukiiga macho yaliyofifia utachora maiti. Basi Bi Brashi akachukua uso uliokuwa karibu, wa mke wa kaka yake, msusi ambaye angekubali kukaa kitini kutwa nzima mradi apewe umbea. Pua pana, mwanya mbele, na kovu shavuni la chanuo la moto. Wacheza sinema wote kwenye mabango ya mtaa ule wakawa na mwanya, na waimbaji pia. Wateja hawakulalamika. "Huyu staa kafanana na shangazi yangu," walisema, wakakaa kunyolewa.

Mara moja tu aliteleza. Mwenye saluni moja kubwa alimtaka anyooshe pua, azibe mwanya, ang'arishe ngozi, na Bi Brashi, enzi hizo msichana anayetafuta sifa, akafanya. Wifi yake alilipita bango lile wiki nzima bila neno. Jumapili akauliza, "Wifi, nilikukosea nini hata ukanifuta?" Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeumizwa. Aibu ile Bi Brashi aliibeba miaka yote.

Mwaka huu wasanii sita wakaalikwa kuonyesha kazi pamoja, katika ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya umeme. Mada ilikuwa: sisi ni nani, katikati ya picha hizi zote za sinema, muziki na matangazo? Watano walikuwa vijana wa shule ya sanaa. Mmoja alijichora ndani ya tangazo la sabuni. Mwingine alibandika vipande vya mabango ya sinema mpaka vikawa sura ya babu yake. Wa sita ni Bi Brashi. Alileta ubao wa ukubwa wa mlango: shujaa wa kike wa sinema, joho jekundu, buti hadi magotini, ngumi hewani. Na uso, mnaujua.

Saa moja kabla ya kufungua milango, msimamizi akaushusha ubao ukutani.

"Mama, kazi yako nzuri sana, ila uso una makosa. Watu wanatakiwa wamtambue shujaa. Ziba huo mwanya, futa kovu, punguza pua kidogo. Nusu saa tu. La sivyo siwezi kuutundika, wageni wakubwa wanakuja."

"Makosa?"

"Madogo madogo tu, Mama."

"Mwanangu, hayo makosa yamelea watoto wanne."

"Sikuwa na nia mbaya..."

"Najua. Lakini brashi yangu haigusi tena huo uso. Niliwahi kuufuta nikiwa mjinga, na ujinga ule sirudii. Mkataa kwao ni mtumwa! Mmeuliza sisi ni nani, nimejibu. Kama jibu halikupendezi, badilisha swali."

Kijana akatazama saa. "Basi ukuta utabaki mtupu."

"Na ubaki. Ukuta ni wako, mikono ni yangu."

Akaunyanyua ubao, akasimama nyuma yake palepale kwenye nafasi ile tupu, vinaonekana vidole na viatu tu. Milango ikafunguliwa. Wageni wakazunguka, wakafika pale. Wengine wakadhani ndiyo sanaa yenyewe, wakapiga picha. Jamani, mikono iliwaka moto! Bega la kulia, lililochoshwa na ngazi na makopo ya rangi, likaanza kutetemeka pamoja na ubao. Msimamizi akapita, akanong'ona, "Mama, kaa chini, utaumia." Akajibiwa kwamba alishaumia zaidi ya hapo.

Wifi yake akafika amechelewa, kama kawaida yake. Hakuwa ameambiwa kitu. Akatazama joho, akatazama ngumi, akafika kwenye meno. Watu nao wakaanza kumtazama yeye, kisha ubao, kisha yeye tena.

"Huyu ni mimi," alisema kwa sauti.

"Ni wewe, wifi," ilijibu sauti nyuma ya ubao.

"Na kovu umeliweka."

"Nimeliweka lote."

Msusi akalia mbele za watu, hakujali wageni wakubwa wala wadogo. Kisha akajifuta kwa kiganja, akashika upande mmoja wa ubao, nao ukaacha kutetemeka.

Msimamizi akaja na nyundo na misumari, macho chini. "Niambieni basi niutundike usawa gani."

"Muulize mwenye uso," Bi Brashi alisema.

Msusi akaupima ukuta, toka sakafuni hadi darini.

"Juu," alisema. "Wainue shingo."