Kambare Wapole wa Chini ya Tangi

Mwanangu, bado naikumbuka ile wiki mama mkwe wangu alipotoka Songea kuja kutibiwa miguu, akafikia kwetu Temeke. Nilikuwa mwalimu kijana, na fahari yangu ilikuwa tangi la samaki pale sebuleni. Juu waliogelea samaki wa rangi ya dhahabu, walafi kwelikweli. Chini niliweka kambare wadogo wanne, wapole, wenye sharubu, wanaopekuapekua kutwa nzima. Muuzaji alinieleza kwamba hao husafisha mabaki, nami nikaridhika kuwa watajilisha wenyewe.

Mama, kwa ajili ya ile miguu, alishinda kitini mbele ya tangi. Siku ya nne akaniuliza, "Baba, hawa wa chini wanakula saa ngapi?"

"Wanakula kinachobaki, Mama."

"Mbona mie sioni kinachobaki?"

Nikacheka, tena mbele ya mke wangu, nikasema samaki nawajua mwenyewe. Kesho yake kambare mmoja alikuwa amekufa. Nilipomtoa, tumbo lilikuwa limebonyea na sharubu zimelika zikabaki vishina, kwa kuwa nilikuwa nimewatandikia kokoto zilizochongoka, eti zinapendeza. Mama alimtazama kiganjani mwangu, akasema taratibu, "Hakukusumbua, baba. Ndiyo maana ulimsahau."

Niliona aibu. Nikamuuliza kama kuna kitu yeye mwenyewe anakikosa pale nyumbani. Akasita, maana mtu na mkwewe wana heshima yao, kisha akasema neti ya kitandani kwake ilikuwa imetoboka tangu alipofika.

Mke wangu alinunua neti mpya siku hiyohiyo. Mie nikatoa kokoto, nikaosha mchanga laini hadi maji yakatakata, nikautandaza. Tangu hapo nikawa nawalisha wa juu kwanza, upande mmoja, kisha upande wa pili nawadondoshea kambare punje nzito za chakula zinazozama. Wale watatu wakanenepa, na sharubu zikaota tena.

Basi mwanangu, ukifuga kambare hawa, wawe kundi, mchanga wao uwe laini, na uhakikishe kwa macho yako kwamba chakula kimefika chini. Na nyumbani kwako, asiyelalamika muulize wewe mapema, usingoje aseme. Mungu akujalie kumwona aliyenyamaza, na walio chini ya paa lako walale wameshiba.