Wamama Waliokaa Saa ya Jua

Mama yangu Eulalie anabeba mizigo tangu nikiwa mtoto wa kunyonya. Boti za mbao zinafika Bukavu kutoka Idjwi na Minova zimejaa maharagi, vitunguu na makala, yale makaa ya kupikia. Magunia yanashushwa bandarini, na wamama ndio wanayapandisha mlima hadi soko la Kadutu. Kamba inapita kwenye paji la uso, gunia linalala mgongoni. Mimi ninakaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwa, palepale bandarini, kwa hiyo haya sikuyasikia kwa mtu.

Bukavu ulikuwa mji wa sweta. Asubuhi tulitoka tumejifunika vitenge viwili. Miaka hii jua limebadilisha tabia: upepo wa ziwa unakufa mchana, na lami inalainika mpaka kandambili zinanata. Wamama wakaanza kuugua ovyo. Mmoja kichwa kilimpasuka kila jioni, mwingine alikojoa mkojo mweusi kama chai, mwingine miguu ilimkaza katikati ya mlima. Wakasema ni uzee, wakasema ni malaria. Ariane, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wetu, alishuka bandarini kutuonya juu ya joto, kwamba likizidi jasho hukauka, akili huvurugika na mtu huanguka. Wengi walimsikiliza huku wakifunga mizigo. Mama yangu alisimama mpaka mwisho.

Siku moja ya kiangazi, mchana, Adélaïde, rafiki yake mama, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kupanda na gunia la makala. Akalitupa, akakaa chini, akaanza kucheka peke yake.

"Eulalie, mama yangu iko wapi?" akauliza. "Alisema atanipikia bugali."

Mama yake alikwisha kufa zamani. Kisha macho yakampinduka, akaanguka.

"Ni karuho!" akapiga kelele Firmin, mpakuzi wa boti. "Bamemupa sumu! Tumupeleke kwa mufumu amupe dawa atapike!"

Watu wakaanza kumshika mikono na miguu. Mama akaingia katikati yao.

"Mumuache! Guseni ngozi yake. Inawaka sawa sufuria, na haina hata jasho. Hii ni ile kitu Ariane alisema. Leteni maji!"

Tukamvutia kivulini, tukamwagia maji ya ziwa kichwani, kwapani, kifuani. Nikalowanisha kitenge changu na kumpepea. Wenye pikipiki waliogopa kumpakia mtu aliyelegea namna ile. Basi mama akachukua kamba yake, akampitishia Adélaïde kiunoni, akaiweka ile kamba kwenye paji lake mwenyewe, akasimama naye mgongoni. Akapanda. Sisi tulitembea pembeni na bidoni, yale madumu ya maji, tukiwamwagia maji wote wawili. Watu waliokuwa hawatusalimii wakasogea pembeni kutupisha njia. Sikuwahi kuona mlima ule ukipandwa vile.

Kituoni Ariane alimtundikia chupa ya serumu, akakaa naye mpaka akaanza kuwajua watu. Kisha akamgeukia mama.

"Kama hamungemumwagia maji, saa hii mungekuwa munalia. Maman Eulalie, hii jua haiko ile ya zamani. Mukiendelea kupanda nayo mchana, itabeba mwingine."

Kesho yake asubuhi mama aliwakusanya wenzake.

"Kuanzia leo, jua ikisimama kichwani, sisi tunakaa. Tutabeba asubuhi, tutabeba tena saa tisa. Na kila mutu anywe maji mbele ya kiu kumushika."

"Na watoto batakula nini?" akauliza Christine, mmoja wa wabebaji.

"Batakula kazi ya asubuhi na ya mangaribi. Maiti hailishi mutoto."

Saa sita ikafika na boti ya vitunguu. Mwenyewe, mfanyabiashara Jean-Claude, aliwakuta wamama wote wamekaa chini ya turubai, kamba mapajani.

"Maman Eulalie, sababu ya nini munakaa? Vitunguu yangu itaoza!"

"Papa Jean-Claude, vitunguu ikioza utapanda ingine. Adélaïde tungemupanda wapi?"

Akaondoka kwa hasira, akarudi na wabebaji wa bandari ya jirani, Élodie akiwa mbele yao. Hapo niliona kazi inatutoka. Nilijua wana njaa kama sisi.

Élodie akayaangalia magunia, kisha akawaangalia wamama. "Munagombana na papa?"

"Hapana," mama akajibu. "Tunangojea jua ipunguze. Jana tulikaribia kumuzika mwenzetu."

Élodie akafuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Kwetu pia mumoja alianguka," akasema. "Sisi tulisema bamemuloga."

Akaishusha kamba yake, akakaa karibu na mama. Wenzake wakakaa wote. Mama akawapitishia bidoni ya maji yenye chumvi kidogo na sukari, kama Ariane alivyotufundisha. Jean-Claude alibaki amesimama juani mpaka shati likamganda mgongoni. Mwishowe akainama, akaingia chini ya turubai. Christine akampa kikombe. Hakuna aliyemcheka.

Saa tisa wakasimama pamoja, wa kwetu na wa kwao. Kabla giza halijaingia, vitunguu vyote vilikuwa Kadutu. Siku zilizofuata wafanyabiashara wengine walinung'unika, kisha wakaanza kupanga boti zifike alfajiri.

Adélaïde alipona, lakini mwili wake haustahimili jua tena. Sasa ndiye anayelinda bidoni za maji, na ole wake mama anayepita bila kunywa! Sauti yake inasikika mpaka kwenye boti.

Kiangazi kilichopita joto lilizidi lile la mwaka alioanguka Adélaïde. Mvua ziliporudi, Ariane alishuka bandarini.

"Maman Eulalie, safari hii sikupokea mubebaji hata mumoja wa kwenu."

Mama alinyoosha mgongo tu, na mimi niliyezoea kumwona ameinama, nikaona kumbe ananizidi urefu.