Kichwa Cheusi Nyumbani kwa Mzee Kimeli

Ilikuwa mwaka wa 2021. La, nisidanganye watu, 2021 tulikuwa bado tunasalimiana kwa kiwiko. Ilikuwa 2022, mwezi wa Desemba, maana Agosti ya mwaka huo Wabukusu walikuwa wametahiri watoto wao, na hao hawatahiri mwaka wa witiri hata uwabembeleze vipi. Basi ni 2022, na ndio mwaka Mzee Lusweti wa mtaa wa Pioneer alipopaka kichwa chake rangi.

Hakupenda. Mvi zake zilikuwa zimemjia polepole, kama wageni wenye adabu, naye alikuwa amezizoea. Lakini alikuwa bawabu katika duka moja la nguo za vijana mjini, na mwenye duka, msichana mpole tu, alimwita kando akamwambia, "Mzee, si kwa ubaya. Wateja wakikuona mlangoni wanadhani wamefika kliniki."

Lusweti akaenda sokoni akanunua rangi nyeusi. Akapaka nywele, akapaka masharubu, na kwa kuwa rangi ilibaki, akapaka na nyusi. Jumatatu alisimama mlangoni mweusi tii kama sufuria ya matanga, na wateja wakaingia.

Tatizo lilikuja Jumamosi. Marehemu kaka yake alikuwa ameacha mtoto mmoja wa kiume, Marvin, na kabla ya kukata roho alimshika Lusweti mkono akasema, "Huyu usiache apotee." Sasa Marvin alitaka kumwoa Sharon, binti ya Mzee Kimeli wa Kiplombe, na mtu wa kwenda kumsemea alikuwa Lusweti peke yake. Mzee mwingine waliyemtegemea aliamka anaumwa tumbo. Wakapanda gari la kukodi wakiwa wanne: Lusweti, Marvin, mama yake Marvin aitwaye Hellen, na dereva, Ephantus.

Huyu Ephantus alikuwa na miaka thelathini na kitu. Lakini kwao wanazaliwa na mvi, ni mambo ya ukoo. Kichwa chake kilikuwa cheupe kama pamba.

Pale langoni walipokewa na Kigen, kaka yake Sharon, kijana mwenye heshima nyingi kupita kiasi. Kwa Wakalenjin mzee hasimamishwi nje. Kigen alimtazama Ephantus, akavua kofia, akamshika kiwiko kwa mikono miwili.

"Karibu Mzee. Wazee wanakungoja kwa nyumba."

Ephantus alidhani dereva anapelekwa kunywa chai. Akaenda.

Hellen akachukuliwa na akina mama kwenda jikoni. Marvin, kama bwana harusi yeyote, alikuwa amepoteza sauti tangu Kiplombe ianze. Akabaki Lusweti.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe kijana njoo huku kwa viazi."

"Mimi ndiye baba mdogo wa Marvin."

"Mdogo, naona," Kigen akasema kwa upole. "Wazee wakikuhitaji wataita."

Lusweti akatoa kitambulisho. Kigen akaitazama ile picha yenye mvi, akautazama uso uliokuwa mbele yake, akamrudishia kwa huzuni. "Si vizuri kutembea na kitambulisho ya baba yako. Akiugua atatibiwa na nini?"

Basi Lusweti akapewa kisu na kigoda, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la sebule, akamenya viazi na vijana waliomwita "buda", kama wanavyoitana wenyewe, na kumuuliza anashabikia timu gani. Alimenya viazi vizuri. Mtu aliyekuja kwa wakwe hakatai kazi.

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, Mzee Kimeli alikuwa ameanza.

"Mzee mwenzangu, mmekuja kutafuta nini hapa kwangu?"

Hapo msemaji hutakiwa kusema kwamba walipotelewa na ndama wakafuata kwato, au maneno ya namna hiyo. Ephantus akasema, "Mimi nimeleta watu tu."

Mzee mmoja akanong'ona, "Umesikia hiyo? Ameleta watu. Hakusema ameleta ng'ombe."

"Huyu ametoka mbali," mwingine akasema.

"Na hao watu," Kimeli akauliza, "wamekuja kukaa?"

"Nitarudi nao jioni, barabara ikikubali."

"Barabara ikikubali," wazee wakarudia, wakitikisa vichwa. Mtu akamwongezea maziwa lala ya mursik kwenye kikombe.

Lusweti aliacha kiazi nusu. Kimeli alikuwa akiendelea: "Sasa sisi tunataka hivi. Huyu kijana wenu ahamie hapa. Alale hapa, achunge ng'ombe hapa, azeeke hapa. Unasemaje?"

"Hakuna shida," akasema Ephantus. Hilo ndilo jibu lake kwa kila abiria.

Marvin, aliyekuwa ameegemea ukuta karibu na dirisha lile, akamvuta Lusweti shati. Kwa Wabukusu mwanamume haendi kuolewa, na huyu alikuwa mtoto pekee wa boma. Lusweti akasimama na kisu mkononi, vijana wakamwambia, "Buda, kaa, viazi bado." Akatembea hadi mlangoni mwa jikoni.

"Shemeji," akamwambia Hellen, "dereva anamtoa Marvin."

Karibu na jiko alikuwa Jemutai, shangazi yake Sharon, mama mnene asiyependa kupoteza wakati. Akamtazama Lusweti magoti, na jinsi alivyokuwa akihema kwa hatua zile chache.

"Huyu ni mzee kabisa," akasema. "Nani alimharibu kichwa?"

"Kazi," Lusweti akasema.

Jemutai akachota majivu ya kuni kwa kikombe cha bati. "Inama." Akammwagia, akamsugua nywele, masharubu na nyusi, akampulizia macho. "Enda sasa."

Lusweti aliingia sebuleni akiacha vumbi nyuma yake. Majivu yalikuwa yanamdondoka mabegani, mengine yakaingia kwenye kikombe cha mzee wa karibu. Kimeli akakitazama kile kichwa cha kijivu.

"Mpeni kiti," akasema.

Ephantus akampisha haraka, akashukuru, akaenda kulala ndani ya gari.

Lusweti hakusema kwamba kumekuwa na kosa. Aliketi. Aliuliza habari ya mahindi, kama yamekauka vizuri. Aliuliza ng'ombe wanakamuliwa na nani. Kimeli akasema anakamua mwenyewe. Akauliza vijana wa boma wako wapi. Wawili wako ng'ambo, wanakimbia mbio za huko. Kigen naye ana pasipoti mfukoni.

"Kwa hivyo Sharon akiondoka," Lusweti akasema, kisha akanyamaza.

Alinyamaza sana. Mtu mwingine angejaza pale mahali kwa maneno. Mwishowe Kimeli akajikuna goti akasema, chini kabisa, "Jioni hapa kuna ukimya mbaya."

Basi ikawa si habari ya kumchukua kijana tena. Wakaongea polepole, chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Wakakubaliana Sharon ataolewa Pioneer kama mabinti wengine, lakini kupanda na kuvuna yeye na Marvin watakuja, na mtoto wao wa kwanza akishaachishwa ziwa atakaa likizo kwa babu yake awe anapiga kelele. Kimeli akampa Lusweti mkono, na mkono wake ukarudi wa kijivu.

"Unajua kuongea, Mzee," akasema. "Nyinyi wa zamani ndio mnajua kuongea."

Lusweti akatazama dirisha, na zile sufuria za viazi nje. Akauliza kwa upole, bila ugomvi hata kidogo, swali ambalo wazee wote waliokuwa sebuleni hawakulijibu siku ile, wala hawajalijibu mpaka leo:

"Wakwe zangu, mmenisikia mimi, ama mmesikia majivu?"