Bustani ya Zizi la Zamani

Nilipoulizwa kama bustani ya zizi la zamani ilimwe pamba, nilisema ilimwe. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, lakini niliulizwa kwa heshima kama mtu mzima, na nikajibu kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. Natamani siku ile ningekataa.

Jambo hilo hunirudia kila nikifikicha jani la kivumbasi. Hapa Bariadi ninapoishi uzeeni nimekipanda chini ya dirisha kwa ajili ya mbu, na jioni upepo ukikipitia, harufu yake huingia chumbani, kali, yenye utamu kidogo kwa mbali, kama karafuu iliyopondwa pamoja na majani mabichi. Nikiivuta puani namwona Bibi Minza, mama yake baba, amechutama kwenye udongo mweusi, kanga imebana kiunoni, ananipiga kofi dogo mkononi kwa sababu nimechuma jani kabla ya kuamkia.

Ndiyo, kuamkia. Hilo lilikuwa somo la kwanza. Bustani ya bibi ilikuwa mahali palipokuwa zizi la ng'ombe kabla baba hajalihamishia upande wa pili wa uzio wa minyaa. Anayefuga anajua maana yake: udongo ule ulikuwa umekula samadi kwa miaka, ukawa mweusi na laini kama unga wa ulezi, na kila kilichoangukia pale kiliota. Asubuhi bibi aliingia taratibu, akasimama mbele ya mmea na kusema, "Mwangaluka," kama anavyomwamkia jirani. Akasubiri kidogo. Ndipo akachuma.

"Bibi, mbona hauitikii?" niliuliza siku ya kwanza.

"Wewe ukiamkiwa na mama yako asubuhi ukiwa na usingizi, huwa unaitikia?"

"Siitikii."

"Basi mwache naye aamke. Wewe mwangalie tu."

Nami nikamwangalia. Nikaamkia mchaichai, mgagani, mlenda, pilipili, shubiri, kivumbasi na vingine ambavyo hadi leo sivijui kwa jina la Kiswahili. Wavulana wenzangu walinisikia nikiamkia mboga, wakanicheka njia nzima ya shule. Nilipomshtakia bibi alisema, "Waambie mimi ni mke wako, na mboga hizo ni mashemeji zao." Bibi aliniita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyotania wajukuu wa kiume, na siku nikichelewa kuteka maji alitangaza mtaani kwamba atanirudishia mahari yangu.

Nilijifunza kwa mikono kuliko kwa masikio. Mgagani huchumwa ncha tu, vidole viwili, ili shina litoe matawi mengine. Huchemshwa, maji yake machungu yakamwagwa, ukachemshwa tena, kisha hutiwa maziwa na karanga zilizosagwa. Mlenda unataka magadi, lakini kiasi cha kushikwa kwa kucha. Hilo nililijua baada ya kumwagia konzi nzima, chungu kikafura kama sabuni, na baba akala ugali wake mkavu akiniangalia. Mchaichai ulipandwa karibu na bafu la miti ili unywe maji tuliyoogea. Kivumbasi tulikichemsha mtu akibanwa na mafua, tukamfunika blanketi avute mvuke. Shubiri ilipasuliwa na kutiwa kwenye maji ya kuku ugonjwa ulipovuma vijijini. Kunde za kiangazi tulizichuma majani, tukayachemsha na kuyaanika juu ya mwamba, yakawa nsansa, mboga ya miezi isiyo na mvua.

Dawa zenyewe, zile za mizizi na magome, bibi alisema nitafundishwa nikishajua chakula. "Mtu asiyejua kupika mlenda nitamwachaje achemshe kitu anywe mgonjwa?" Kwa hiyo nilikuwa na bidii. Nilitaka kufika huko.

Sasa, jinsi bustani ile ilivyokuwa yangu. Siku ya ubatizo wa mdogo wangu, ndugu wakiwa wamejaa uani na pombe ikiwa imeshazunguka, bibi alisimama na kushika bega langu.

"Sikilizeni. Kuanzia mnyaa huu mpaka kwenye kichuguu kile, nimempa mume wangu Shija. Hapatalimwa kitu bila yeye kusema. Mwenye neno aseme nikiwepo."

Watu wakacheka. Baba naye alicheka. "Mama, unampa shamba mtu ambaye hata kamasi hajui kufuta."

"Ana majani mengi, atafutia."

Nilivimba kichwa kwa fahari. Sikujiuliza kwa nini mtu agawe kitu chake mbele ya watu wengi kiasi kile, tena kwa mtoto.

Mwaka uliofuata watu wote walikuwa na wazimu wa pamba. Jirani yetu alikuwa ameezeka bati, na kutwa nzima bati lile lilimwakia baba yangu machoni. Alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na ardhi nzuri kuliko zote aliyoijua ilikuwa nyuma ya nyumba, imeota mboga. Lakini mama yake alikuwa ameshasema mbele ya watu. Basi jioni moja akaja nilipokuwa nikifunga ndama, akavua kofia.

"Shija, nimekuja kwako kama mwenye shamba."

Nikasimama wima.

"Nataka kulima pamba pale kwenye zizi la zamani. Ukikataa, sitalima. Neno la bibi yako siwezi kulivunja. Ukikubali, siku lori litakapobeba pamba kwenda Malampaka utapanda juu ya magunia, ukaone treni."

Hakuna mtoto kijijini kwetu aliyekuwa ameiona treni. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyedai kwamba mjomba wake aliisikia, na kwa hilo tu tulimpa nafasi ya kuchagua wachezaji kwenye mpira.

Baba aliona ninavyohema. Akaongeza, kwa haki yake, "Kamuulize bibi yako kwanza kama unataka."

Jikoni palikuwa hatua chache tu. Sikwenda. Nilijua angesema nini, na nilijua kwamba akishasema, mimi nisingeweza kusema vinginevyo. Kwa hiyo nikajibu palepale, kwa nguvu, "Ilimwe, baba! Nimekubali!"

Bibi akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Umesikia, mama?" baba akauliza, sauti imeshuka.

"Nimesikia. Mwenye shamba amesema." Akarudi kugeuza ugali.

Nilingoja adhabu, haikuja. Asubuhi aliniamsha mapema tukahamisha mimea. Tuliipanda kwenye masufuria yaliyotoboka, kwenye vibuyu vilivyopasuka, kwenye karai kuukuu lisilo na kitako, na iliyobaki tukaipeleka kando ya bafu. Alinionyesha jinsi ya kung'oa mmea pamoja na udongo wake ili mizizi isijue kama imehama. Alitania kama kawaida. Nikaamini mambo yamekwisha, tena nikaona bustani ya kwenye masufuria ni nzuri zaidi, kwa kuwa inabebeka.

Pamba ikapandwa, ikaota, ikapendeza. Baba alipita katikati ya mistari akiwa na bomba la dawa ya wadudu mgongoni, akitembea kama askari. Mvua ilipokolea nikaona jambo la kunifurahisha: katikati ya mistari ya pamba, mgagani wa bibi ulikuwa umeota wenyewe kutokana na mbegu zilizobaki ardhini. Umenenepa, majani mapana, haujapata kutokea! Nikasema moyoni, hii ndiyo zawadi yangu. Nikaingia, nikaamkia kila mmea kama nilivyofundishwa, nikachuma ncha kwa vidole viwili, nikajaza ungo. Nikampelekea nikikimbia.

Bibi aliupokea kwa mikono miwili. Akatabasamu. Kisha akaushusha ungo, akaunusa mgagani, akanusa na viganja vyangu.

"Umeutoa wapi?"

"Kwenye bustani yetu, bibi. Umerudi wenyewe!"

"Umeonja?"

"Sijaonja."

Akanishika mkono mpaka kwenye mtungi, akaninawisha kwa sabuni ya kufulia mara ya kwanza na ya pili, akinisugua hadi kwenye viwiko. Kisha akachukua jembe, akachimba shimo nyuma ya nyumba na kuuzika mgagani wote, na maji ya kunawia akayamwaga humohumo. Baba alikuwa akitazama kutoka uani.

"Bibi, nimekosea?"

"Hujakosea kuchuma. Umechuma vizuri sana." Akakaa chini, akakung'uta udongo kwenye kanga. "Ila mume wangu, pale si kwetu tena."

Wiki chache baadaye baba mdogo alikuja kutoka Nassa kwa baiskeli. Nilidhani amekuja kututembelea, kumbe amekuja kumchukua bibi akaishi kwake. Bibi alifunga nguo zake kwenye kanga, akachagua vibuyu viwili na sufuria moja la mimea, akaagana na kila mtu. Mimi alinifikichia kivumbasi puani nikapiga chafya, akacheka, akasema, "Amkia kila siku." Baba alimsindikiza hadi barabarani akisukuma baiskeli yeye mwenyewe, na aliporudi alikwenda moja kwa moja zizini akakaa huko mpaka giza.

Treni niliiona baada ya mavuno. Ilikuwa nyeusi, ndefu, yenye kelele za kutosha kwa masimulizi ya mwaka mzima. Nilirudi juu ya lori tupu, vumbi limenijaa masikioni, nikaruka chini kabla halijasimama vizuri, nikakimbilia kwenye nyumba ya bibi nimweleze. Nilisukuma mlango na kuita. Ndani kulikuwa na magunia ya mbegu za pamba. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ameondoka.

Nilipokuwa mtu mzima, mwenye nyumba yangu na mama yangu mjane niliyemchukua akae nami, ndipo nilipoelewa siku ya ubatizo ilivyokuwa. Mama alizunguka uani kwangu kama mgeni, akiomba ruhusa ya kuchota hata chumvi, mpaka siku mke wangu alipompa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Akapanda bamia na mchicha. Ndani ya mwezi mmoja akaanza kutufokea, na nyumba ikapata amani. Bibi naye alikuwa mjane kwenye mji wa mwanawe. Zizi lile la zamani ndilo lililomfanya awe mtu anayeombwa mboga, anayeulizwa dawa ya mtoto, anayengojewa. Alijua baba angelitaka siku moja. Kama lingekuwa lake angelitoa, kwani mama hawezi kumnyima mwanawe. Kwa hiyo akaliweka mahali alipoamini ni salama kuliko pengine pote, mikononi mwangu.

Nisiwahuzunishe zaidi ya inavyostahili, maana mimea ile haikufa. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda msibani Nassa, nikamkuta Nkwimba, binti wa baba mdogo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nyuma ya nyumba yake nilikuta kivumbasi, mchaichai na mgagani uleule wa majani mapana. Nilisimama kama mjinga. Kabla sijanyoosha mkono akapiga kelele, "Wee kaka! Unachuma bila kuamkia? Umelelewa na nani?"

Tulicheka hadi waombolezaji wakatutazama vibaya. Alifundishwa yote, mpaka mizizi na magome. Akanipa mbegu kwenye kitambaa na miche ndani ya ndoo, na tangu hapo huja Bariadi kila baada ya mavuno kunikagua kama mwalimu mkali. Ananifundisha nilichopaswa kujua nikiwa kijana. Nasahau upesi, naye anarudia kwa kelele. Mjukuu wangu Limi hukaa kati yetu na hasahau kitu. Majirani wameshaacha kuniuliza mimi, wanamwita yeye. Juzi nilimsikia bustanini, anadhani yuko peke yake, akisema "Mwangaluka" kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza, akiangalia. Sikujua mzee anaweza kufurahi kiasi kile.

Hata hivyo, nataka kusema kweli, na kweli ni hii. Bibi aliishi Nassa miaka mingi akiwa na nguvu zake, akicheka, akipika, akifundisha. Mimi nilimwona mara chache mno, na kila mara nilikuwa mgeni wa kupewa kiti na chai. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi nikaogopa kumwomba msamaha mpaka muda ukaisha. Ruhusa ile niliyoitoa bila kumuuliza ilimwondoa bibi yangu nyumbani kwetu, akiwa mzima, nami bado nikimhitaji.